Taa Iliyofichwa Maabara: Jinsi Nuru Inavyoamua Majibu ya Damu

Mgonjwa anapotolewa damu na kuambiwa asubiri majibu, mara nyingi hudhani kwamba kilichomo ndani ya chupa ile kitahesabiwa au kitatazamwa kwa darubini. Baadhi ya vipimo hufanyika hivyo. Hata hivyo, namba nyingi zinazoandikwa katika karatasi ya majibu, zikiwemo za hemoglobini, sukari, kreatinini ya figo, bilirubini na vimeng'enya vya ini, hupatikana kwa njia nyingine. Mashine hupitisha nuru katika kimiminika chenye rangi, kisha hupima kiasi cha nuru kilichobaki upande wa pili. Elimu ya kuchunguza vitu kwa nuru namna hii huitwa spektroskopia, na mashine inayotumika zaidi huitwa spektrofotomita.

Katika kazi hiyo, taa ni mithili ya jiwe la mizani sokoni. Jiwe likiwa pungufu, muuzaji na mnunuzi wote wawili hudanganyika, hata kama wote ni waaminifu. Taa nayo ikiyumba, mtaalamu wa maabara anaweza kufuata kila hatua kwa uangalifu na bado akatoa namba isiyo ya kweli. Makala haya yanaeleza jinsi taa za maabara zinavyosanifiwa, kwa nini usanifu huo unagusa maisha ya mgonjwa, na mambo ambayo mhudumu wa afya anaweza kuyafanya ili nuru iendelee kusema kweli.

Nuru kama kipimo

Kila kitu chenye rangi hufyonza sehemu ya nuru na kuiacha sehemu nyingine ipite. Damu huonekana nyekundu kwa sababu hemoglobini hufyonza sana nuru ya buluu na ya kijani, na kuiachia nyekundu. Wanasayansi huitaja kila rangi kwa urefu wa wimbi lake, kwa kipimo cha nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Jicho la mwanadamu huona kuanzia takriban nanomita 400, kwenye rangi ya urujuani, hadi takriban nanomita 700, kwenye rangi nyekundu. Chini ya hapo kuna nuru ya urujuanimno, na juu ya hapo kuna nuru ya infraredi. Zote mbili hazionekani kwa macho, lakini mashine huzitambua.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, wakiwa Heidelberg nchini Ujerumani, walionyesha kwamba kila elementi inapounguzwa katika mwali hutoa mistari yake ya rangi, isiyofanana na ya elementi nyingine. Mwaka 1862 Felix Hoppe-Seyler alieleza mistari ya giza ambayo damu huiacha katika nuru inayopita ndani yake. Miaka miwili baadaye George Stokes, nchini Uingereza, alionyesha kwamba mistari hiyo hubadilika hemoglobini inapopokea oksijeni na inapoipoteza. Tangu hapo ikawa wazi kwamba nuru inaweza kueleza ni kitu gani kimo ndani ya damu, na pia kiko katika hali gani.

Ili kupata kiasi, maabara hutumia kanuni moja ya msingi: kadiri kitu kinachofyonza nuru kinavyokuwa kingi ndani ya kimiminika, ndivyo nuru inayopenya inavyopungua. Kiasi kilichofyonzwa huandikwa kwa namba iitwayo ufyonzaji. Ufyonzaji wa 1 maana yake ni kwamba asilimia 10 tu ya nuru imepenya. Ufyonzaji wa 2, asilimia 1. Ufyonzaji wa 3, sehemu moja tu kati ya elfu. Hapa ndipo jambo zima linapotegemea taa. Mashine haiwezi kujua nuru imepungua kwa sababu gani. Yote yaliyopotea njiani huyahesabia sampuli.

Kosa dogo la umeme, kosa kubwa la majibu

Tuchukue mfano wa hemoglobini, kipimo ambacho karibu kila mjamzito hukipitia kliniki. Katika njia ya marejeo inayotambulika kimataifa, mikrolita 20 za damu huchanganywa na mililita 5 za kitendanishi chenye sianidi, kisha rangi inayotokea hupimwa kwa nuru ya nanomita 540. Kwa kawaida kyuveti, yaani kijichupa kinachobeba sampuli, huwa na upana wa sentimita 1. Kwa vipimo hivyo, kila ufyonzaji wa 0.001 ni sawa na takriban gramu 0.037 za hemoglobini kwa desilita. Mgonjwa mwenye gramu 6.6 kwa desilita atatoa ufyonzaji wa takriban 0.179.

Sasa tuseme taa ni ya zamani, yenye waya wa tangsteni, na haina kinga dhidi ya kuyumba kwa umeme. Mtaalamu ameweka kyuveti yenye kitendanishi kitupu na kuirudisha mashine kwenye sifuri. Kabla hajaweka sampuli ya mgonjwa, umeme unaoifikia taa unashuka kwa asilimia 1.5 tu. Nuru ya waya wa tangsteni hubadilika kwa kasi kuliko umeme wenyewe: volti zikishuka kwa asilimia 1, nuru hushuka kwa zaidi ya asilimia 3. Kwa hiyo upungufu ule wa asilimia 1.5 unaondoa takriban asilimia 5 ya nuru. Mashine, isiyojua kilichotokea kwenye waya, inaongeza ufyonzaji wa 0.022. Majibu yanasomeka gramu 7.4 badala ya 6.6.

Tofauti hiyo ya gramu 0.8 si jambo la kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani huhesabu hemoglobini iliyo chini ya gramu 7 kwa desilita kuwa upungufu mkali wa damu kwa mjamzito, na pia kwa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi 59. Mgonjwa aliyestahili kupewa rufaa au kufikiriwa kuongezewa damu anaweza kurudishwa nyumbani na vidonge. Tena tuangalie upande ambao kosa limeegemea: taa iliyofifia baada ya kurekebishwa sifuri humwongezea mgonjwa damu ambayo hana. Huficha ugonjwa badala ya kuuzusha, na kwa sababu hiyo hakuna anayeshtuka.

Msanifu anavyoituliza nuru

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mashine inayotoa namba ileile asubuhi na jioni imeundwa ili ifanye hivyo, na kazi kubwa ya usanifu wake imefanyika kwenye taa.

Hatua ya kwanza ni kuikinga taa na umeme wa ukutani. Ndani ya mashine huwekwa saketi inayoilisha taa mkondo usiobadilika hata volti za nje zikipanda au zikishuka kwa kiasi fulani. Hatua ya pili ni kuifanya taa ijishuhudie yenyewe. Nuru hugawanywa mara mbili: sehemu moja hupita katika sampuli, na nyingine huelekezwa kwenye kihisi cha pili bila kugusa sampuli. Nuru ikififia, pande zote mbili hufifia pamoja, na mashine inapolinganisha pande hizo, kosa hujifuta. Hatua ya tatu ni kuiwasha na kuizima nuru mara nyingi kwa sekunde. Wakati taa imezimika, mashine hupima nuru iliyoingia kutoka dirishani au darini, kisha huitoa katika hesabu.

Liko pia suala la joto. Taa inayowashwa huendelea kubadilika mpaka joto lake litulie. Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi huagiza kusubiri dakika 15 hadi 30 kabla ya kupima. Kusubiri huko ni sehemu ya kipimo. Anayeharakisha kwa sababu foleni ni ndefu huwapimia wagonjwa wa kwanza kwa jiwe ambalo bado linabadilika uzito.

Kila kazi na taa yake

Hakuna taa moja inayofaa kazi zote. Taa ya halojeni yenye waya wa tangsteni hutoa nuru pana, kuanzia karibu na urujuanimno, kupitia rangi zote zinazoonekana, hadi infraredi. Gesi ya halojeni iliyo ndani yake, kwa kawaida iodini au bromini, hukamata tangsteni inayovukizwa kutoka kwenye waya na kuirudisha, ili kioo kisiwe cheusi upesi. Ni taa imara na ya bei nafuu, lakini nuru yake hupungua sana inapoelekea nanomita 340. Nalo ni eneo muhimu, kwa kuwa vipimo vingi vya vimeng'enya vya ini hufuatilia kemikali iitwayo NADH, ambayo hufyonza nuru hapo hapo. Taa inapozeeka, upande huo ndio mara nyingi hutangulia kuleta shida, wakati macho bado yanaiona taa kuwa inawaka vizuri.

Panapohitajika urujuanimno wa kina, kuanzia takriban nanomita 190, hutumika taa ya gesi ya deuteri. Taa hiyo ina sifa ya ziada: hutoa mistari myembamba katika nanomita 486.0 na 656.1, ambayo mashine huitumia kuhakiki kama inasoma urefu wa wimbi ulio sahihi. Taa ya zenoni inayomulika kwa vipindi, mfano wa mweko wa kamera, hufunika urujuanimno na rangi zinazoonekana kwa pamoja, haihitaji muda mrefu wa kupata joto, na hudumu kwa muda mrefu kwa kuwa huwaka kwa vipande vidogo vya sekunde.

Mfano bora wa taa iliyosanifiwa kwa kazi moja tu ni ile inayotumika kupima madini kama vile risasi katika damu. Atomu za risasi zilizogeuzwa mvuke hufyonza nuru katika mstari mwembamba mno, wenye upana wa sehemu chache kati ya elfu za nanomita. Taa ya kawaida ikitumika, upungufu unaotokea katika mstari huo humezwa na wingi wa nuru ya jirani. Mwaka 1955 Alan Walsh, mwanasayansi aliyefanya kazi nchini Australia, alichapisha suluhisho: tumia taa ambayo kathodi yake imetengenezwa kwa elementi ileile inayotafutwa. Taa yenye kathodi ya risasi hutoa mstari uleule ambao risasi hufyonza, kama ufunguo uliochongwa kwa kufuli lake. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto bila dalili za wazi mwanzoni, na njia hii ni miongoni mwa zilizowezesha maabara kuigundua katika kiasi kidogo sana cha damu.

Nuru iliyopotea njia

Taa hutoa rangi nyingi, lakini kipimo huhitaji moja. Kwa hiyo nuru hupitishwa katika kichujio, au hutawanywa kwa kioo chenye mifuo midogo sana ili kuchagua wimbi linalotakiwa. Uchaguzi huo haukamiliki kabisa. Daima kuna nuru kidogo ya rangi nyingine, au ya nje, inayofika kwenye kihisi bila kupita inavyopaswa. Tuiite nuru potevu.

Madhara yake huonekana zaidi sampuli inapokuwa nzito. Sampuli yenye ufyonzaji wa kweli wa 2 hupitisha asilimia 1 ya nuru. Nuru potevu nayo ikiwa asilimia 1, kihisi hupokea karibu maradufu ya kinachostahili, na mashine husoma ufyonzaji wa takriban 1.7. Majibu yamepungua kwa asilimia 15. Hivyo mgonjwa mwenye kiwango cha juu sana, ambaye ndiye aliye hatarini zaidi, ndiye anayesomewa namba ya chini kuliko hali yake. Kwa sababu hiyo sampuli inayovuka kikomo cha mashine hupaswa kuzimuliwa na kupimwa upya, wala si kuandikwa kama ilivyosomeka.

Taa za LED na maabara ndogo

Taa ya LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962. LED ya buluu yenye nguvu ilichukua miongo mitatu zaidi, na watafiti watatu walioifanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa maabara, faida yake ni kubwa: LED hutumia umeme kidogo, huwaka mara moja, hudumu miaka mingi, na huweza kuendeshwa kwa betri katika zahanati isiyo na umeme wa uhakika.

Vifaa vidogo vya kupimia hemoglobini kwa tone la damu ya kidole ni matunda ya usanifu huo. Baadhi yake hutumia nuru mbili: moja ya nanomita 570, ambayo hemoglobini huifyonza, na nyingine ya nanomita 880, ambayo kwa kiasi kikubwa huathiriwa na ukungu wa sampuli tu. Kwa kulinganisha hizo mbili, kifaa huondoa kosa linaloletwa na mafuta mengi katika damu.

LED nayo ina tabia zake. Rangi yake si moja kamili; kwa kawaida husambaa katika nanomita 20 hadi 30. Joto linapopanda, nuru yake hupungua na rangi husogea kidogo. Aidha, LED nyeupe ya dukani si badala ya taa ya maabara. Kiini chake hutoa nuru ya buluu ya karibu nanomita 450, na tabaka la unga unaong'aa huigeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa rangi nyingine. Katika nanomita 340 au 405, ambako vimeng'enya kadhaa hupimwa, karibu haina kitu. Anayeibandika ndani ya spektrofotomita kwa sababu inang'aa huwasha chumba, lakini huzima kipimo.

Nuru inapofika kwenye ngozi

Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kimetoka katika elimu hiyohiyo. Msingi wake uliwekwa na mhandisi Takuo Aoyagi nchini Japani mwaka 1974. LED mbili, moja nyekundu ya takriban nanomita 660 na nyingine ya infraredi ya takriban 940, hupenyeza kidole kwa zamu. Hemoglobini yenye oksijeni na isiyo na oksijeni huzifyonza nuru hizo kwa viwango tofauti, na kifaa hukokotoa asilimia. Hapa, badala ya kyuveti safi ya kioo, nuru hupita katika ngozi, mfupa na damu inayodunda.

Melanini, inayoipa ngozi weusi wake, hufyonza nuru nyekundu zaidi ya infraredi. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa hospitali nchini Marekani. Miongoni mwa vipimo ambavyo kifaa cha kidoleni kilionyesha oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, kipimo cha damu ya ateri kilionyesha chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, na katika asilimia 3.6 ya vipimo vya wagonjwa Weupe. Kwa wasomaji wetu wengi jambo hili halihusu watu wa mbali. Namba ya kidoleni ni msaada mkubwa, lakini mgonjwa anayehema kwa taabu, aliyechoka au aliyechanganyikiwa asiachwe kwa sababu kifaa kimesema 93. Rangi ya kucha, baridi ya vidole na rangi ya kupaka nazo huweza kuivuruga nuru. Kucha ifutwe, kidole kipashwe joto, na mwenendo wa namba ufuatwe kwa muda badala ya kuamini usomaji mmoja.

Wajibu wa mhudumu na haki ya mgonjwa

Mtaalamu wa maabara aipe taa muda wa kutulia kabla ya kazi. Arudishe mashine kwenye sifuri kwa kitendanishi kitupu mara kwa mara, hasa baada ya umeme kukatika au kuyumba. Apime sampuli za udhibiti wa ubora kila siku kabla ya sampuli za wagonjwa, na aandike matokeo katika daftari, kwa maana taa haifi ghafla kila mara; mara nyingi hufifia kidogo kidogo, na ni daftari linaloonyesha mteremko huo. Saa za matumizi ya taa zihesabiwe, na taa ibadilishwe kwa aina iliyoagizwa na mtengenezaji. Taa ya halojeni isishikwe kwa vidole vitupu, kwani mafuta ya ngozi huungua juu ya kioo chake na kukiharibu. Ikiguswa, ifutwe kwa spiriti kabla ya kuwashwa. Stebilaiza ya umeme si anasa kwa maabara: volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, umri wa taa ya tangsteni hukaribia kupungua kwa nusu.

Daktari, tabibu na muuguzi nao walinganishe namba na mgonjwa aliye mbele yao. Viganja vikiwa vyeupe, mapigo ya moyo yakienda mbio na mgonjwa akiishiwa pumzi, hemoglobini ya kuridhisha ni sababu ya kupima tena, si ya kufunga jalada.

Nawe mgonjwa, unayo haki ya kuuliza. Majibu yakitofautiana sana na unavyojisikia, au na yale ya wiki iliyopita, mwambie mhudumu wako na uombe kwa upole kipimo kirudiwe. Swali hilo halimdharau mtu yeyote, na huenda likaifanya maabara ikague taa yake kabla ya wagonjwa wengine kusomewa majibu yasiyo sahihi.